Nani Aliulizwa? Habari za Ruhusa ya Kuchimba Ardhi



Ni desturi kuweka katika taarifa ya mwaka, baada ya hesabu za fedha na habari za misiba, makala moja ya historia, ili vijana wapate kujua walikotoka na wazee wakumbushwe waliyoyasikia kwa baba zao. Safari hii tumechagua jambo ambalo wanachama wa Kangemi, Kawangware, Riruta, Uthiru na Dagoreti wametuuliza mara kwa mara. Mtu akija na karatasi mkononi, akasema kwamba amepewa ruhusa ya kuchimba mawe, kokoto au dhahabu katika ardhi fulani, ruhusa hiyo hutoka wapi? Na je, ni nani aliyepaswa kuulizwa kabla haijatolewa?

Swali hili latuhusu kwa njia mbili. Wengi wetu twakaa upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, na wengine wana viwanja vyao huku. Lakini wengi zaidi wana shamba la baba nyumbani, magharibi mwa nchi, ambako dhahabu ilichimbwa zamani na yatafutwa tena siku hizi. Basi tumeona vema kueleza habari hii tangu mwanzo, kwa maana sheria za leo hazieleweki vizuri na mtu asiyejua zilitoka katika mambo gani.

MJI ULIOJENGWA KWA MAWE YA MABONDENI

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Mahali hapa palikuwa malisho ya Wamasai, penye maji baridi, na kwa maji hayo ndipo mji ulipopata jina lake. Nyumba za kwanza zilikuwa mahema, mbao na mabati. Tauni ilipozuka mwaka 1902, mtaa wa maduka ulichomwa moto kwa amri ya wakubwa, na watu wakaanza upya.

Kidogo kidogo mji ulihama kutoka kwenye mabati ukaingia kwenye mawe. Nyumba mbili zilizojengwa mwaka 1913 zimebaki hadi siku zetu, na mwanachama yeyote ashukaye mjini aweza kuzitazama. Ya kwanza ni ile iliyokuwa ofisi ya Mkuu wa Jimbo, ambayo siku hizi huitwa Nairobi Gallery. Ya pili ni Kipande House, ambako baadaye baba na babu zetu waliandikishwa na kupewa kipande cha kuvaa shingoni. Kuta za nyumba hizo ni za mawe yaliyochongwa kwa mkono.

Mawe yenyewe hayakutoka mbali. Chini ya Nairobi kuna tabaka nyingi za mawe yaliyotokana na volkeno za Bonde la Ufa na pembezoni mwake. Upande wa magharibi tabaka hizo zimefunikwa na udongo mwekundu uliokuwa na rutuba ya kuotesha viazi, mahindi na migomba. Upande wa mashariki zimefunikwa na udongo mweusi unaonata wakati wa mvua. Baadhi ya tabaka ni majivu ya volkeno yaliyoshikana yakawa jiwe la kijivu, jepesi kuchonga na zuri kwa kujengea. Wataalamu wa miamba waliliita kwa jina la bonde la Kirichwa, yaani vile vijito vipitavyo katika mitaa ya Kilimani na Kileleshwa. Mawe mengine, magumu zaidi na yenye rangi nzito, hupondwa yakawa kokoto za barabara na za zege. Hivyo jina la kijito cha magharibi mwa Nairobi limeandikwa katika vitabu vya elimu ya miamba, ijapokuwa wengi wetu twavuka daraja lake kila siku bila kulijua hilo.

Katika miaka ile ya mwanzo, aliyetaka kufungua timbo la mawe alikwenda kwa mmoja wa watu wawili. Kama ardhi ilikuwa ya Taji la Uingereza, aliomba kwa Serikali. Kama ilikuwa imekwisha kumilikishwa mtu, alipatana na mwenye hati. Sheria za Ardhi ya Taji za mwaka 1902 na 1915 zilikuwa zimeifanya sehemu kubwa ya nchi kuwa ya Taji, na Waafrika hawakuwa na hati. Kwa hiyo Mwafrika alionekana timboni kama mfua mawe na mchukuzi, lakini hakuonekana mezani pale ruhusa ilipoandikwa. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth aliamua katika mahakama ya Nairobi kwamba, kwa nguvu ya sheria hizo, Waafrika walikuwa wapangaji tu wa Taji katika ardhi walimokaa. Mpangaji wa namna hiyo haulizwi likichimbwa jiwe chini ya miguu yake.

Tena hapakuwa na aliyeuliza timbo litafanywa nini baada ya mawe kwisha. Bonde la Mathare lilikuwa mahali pa kuchimbwa mawe. Baadaye likawa makao ya maelfu ya watu waliokosa mahali pengine pa kuishi. Huko Dandora, shimo la timbo la zamani liligeuzwa kuwa jaa la taka za jiji katika miaka ya 1970. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba jaa hilo limejaa, lakini magari ya taka yaliendelea kumwaga humo kwa miaka mingi, na waliovuta moshi wake ni wakazi wa jirani. Shimo lililochimbwa ili kujenga mji liliachwa wazi, na mji ukalirudishia takataka zake.

Katika nchi ya Uingereza yenyewe mambo yalibadilika baada ya vita vya pili vya dunia. Sheria ya Mipango ya Miji na Mashamba ya mwaka 1947 ilihesabu uchimbaji wa madini na mawe kuwa ni ujenzi kama ujenzi mwingine, nao ukahitaji kibali cha mipango kabla ya kuanza. Mwenye shamba hakuweza tena kusema kwamba jiwe ni lake, basi atachimba apendavyo bila kujali jirani. Wazo hilo, kwamba jirani naye ana haki ya kusikilizwa, lilichukua miaka mingi kufika kwetu kwa ukamilifu.

AHADI YA MWAKA 1930

Sasa twatoka kwenye mawe ya Nairobi na kufika kwenye dhahabu ya Kakamega. Twafanya hivyo kwa sababu jambo la Kakamega lilitokea mbali, lakini lilikatwa hapa Nairobi, katika Baraza la Kutunga Sheria ambalo siku hizo lilikutana katika jumba la Memorial Hall katikati ya mji.

Mwaka 1930, baada ya malalamiko mengi ya Waafrika juu ya ardhi, Serikali ya Koloni ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Sheria hiyo ilitenga ardhi za hifadhi kwa matumizi na manufaa ya makabila yaliyomo, milele. Ndani yake mlikuwa na kinga mbili ambazo wazee wa siku zile walizishika kwa moyo wote. Ya kwanza ni kwamba kama sehemu yoyote ya hifadhi itaondolewa kwa kazi ya umma, lazima kabila hilo lipewe ardhi nyingine yenye ukubwa na thamani sawa. Ya pili ni kwamba kabla ya kuondolewa, Baraza la Wenyeji la mahali hapo lazima liarifiwe, na wenye ardhi wapate nafasi ya kusema neno lao.

Ahadi hiyo haikufikisha hata miaka mitatu kabla ya kujaribiwa.

Mwaka 1931 ilionekana dhahabu katika wilaya iliyoitwa wakati ule Kavirondo ya Kaskazini, karibu na Kakamega. Aliyeipata anajulikana katika historia, naye ni L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mlowezi. Habari zikaenea upesi kwa sababu majira yalikuwa mabaya. Bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka duniani kote, nzige walikuwa wamekula mashamba, na walowezi wengi walikuwa na madeni. Mamia ya Wazungu walifika Kakamega na mahema yao, wakapiga vigingi vya kuonyesha mipaka ya madai yao, wakachimba mifereji na mashimo kandokando ya mito na katikati ya mashamba ya watu. Mwaka 1932 mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, aliletwa kuichunguza sehemu hiyo, na taarifa yake ikaitia Serikali moyo.

Hapo ndipo ile sheria ya 1930 ilipoanza kuonekana kuwa kikwazo. Wilaya hiyo ilikuwa na watu wengi mno, wala hapakuwa na ardhi tupu ya kuwapa badala ya ile itakayochukuliwa. Kuliuliza baraza kila mara kungechelewesha kazi. Kwa hiyo mwezi wa Desemba 1932, Baraza la Kutunga Sheria lilipitisha mabadiliko kwa haraka. Kwa mabadiliko hayo ardhi iliweza kuondolewa kwa muda katika hifadhi kwa ajili ya uchimbaji. Fidia ingekuwa fedha, si ardhi. Na ile kanuni ya kuliarifu Baraza la Wenyeji kwanza ikawekwa kando.

Yatupasa kueleza pia hoja za waliofanya hivyo, ili tusiseme upande mmoja. Walisema kwamba uchimbaji ni wa muda, na kwamba dhahabu ikiisha ardhi itarudi kwa wenyewe. Walisema pia kwamba hakuna ardhi ya kubadilishana, na kwamba kazi za migodini zitawapa wenyeji fedha za kodi wakati wa dhiki. Katika hoja hizo mna mambo ya kweli, na wapo vijana waliopata mishahara migodini. Lakini katika Baraza lile hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Aliyesema kwa niaba ya Waafrika alikuwa Mzungu aliyeteuliwa na Serikali, kwa kuwa mjumbe wa kwanza Mwafrika, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Wale ambao mashamba yao yalijadiliwa hawakuwa barazani Nairobi, na sheria iliyopitishwa siku ile ndiyo iliyoondoa ulazima wa kwenda kuwauliza nyumbani kwao.

Habari zilipofika Uingereza zilileta kelele kubwa. Watu wenye majina makubwa, akiwemo Lord Lugard, waliandika na kunena kwamba Serikali imevunja neno lake, na mwanzoni mwa mwaka 1933 jambo hilo likajadiliwa katika Bunge la Uingereza. Waziri wa Makoloni, Sir Philip Cunliffe-Lister, aliitetea Serikali ya Kenya. Mabadiliko hayakufutwa. Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Sir Morris Carter, ilitoa taarifa yake kubwa mwaka 1934, na sheria mpya ya ardhi za wenyeji ikafuata mwaka 1938. Dhahabu yenyewe haikudumu sana. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na wachimbaji wakaenda zao.

Kilichobaki kwa wenyeji ni jambo la aina nyingine. Vyama vya ustawi, kama kile cha walipa kodi wa Kavirondo kilichoanzishwa mwaka 1923, vilikuwa vikishughulika na usafi wa nyumba, upandaji wa miti na elimu ya watoto. Baada ya mambo ya Kakamega, katika miaka ya 1930, chama cha North Kavirondo Central Association kilianza kuandika hati za malalamiko juu ya ardhi. Watu waliona kwamba mbegu bora na visima safi havitoshi, kama ardhi ile ile yaweza kuondolewa kwa mkutano ambao hukualikwa. Sisi tulio katika vyama vya ustawi leo tumerithi kazi zote mbili, ya kuzikana na kusaidiana, na ya kusema kwa niaba ya wasiokuwapo.

SHERIA ILIYOKAA MIAKA 76

Mwaka 1940 ilipitishwa Sheria ya Madini iliyosema kwamba madini yote ni mali ya Taji. Mawe ya kujengea, changarawe na udongo wa mfinyanzi yalihesabiwa kuwa madini ya kawaida na kuachwa nje ya utaratibu mkubwa wa leseni. Ndiyo sababu mwenye shamba huku Nairobi aliweza kufungua timbo kwa kupatana na watu wachache, ilhali mama aliyechekecha mchanga wa dhahabu mtoni huko magharibi bila leseni alihesabiwa kuwa mvunja sheria.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mahali pa Taji palichukuliwa na Serikali ya Kenya, lakini sheria yenyewe ilibaki. Ardhi za hifadhi zikawa ardhi za amana chini ya mabaraza ya wilaya. Katika mwaka huo huo mipaka ya Nairobi ilipanuliwa sana, na mashamba ya Dagoreti, ambayo zamani yalikuwa hifadhi ya Wakikuyu, yakaingizwa ndani ya mji. Mkulima aliamka akijikuta mkazi wa mji, chini ya kanuni za mji, hali migomba yake ingali pale pale.

Sheria hiyo ya 1940 ilitumika kwa miaka 76. Kabla haijaondoka, sheria nyingine zilianza kurudisha ile haki ya kuulizwa, moja baada ya nyingine. Sheria ya Mipango ya mwaka 1996 iliyataja matimbo ya mawe kwa jina, miongoni mwa kazi ambazo mwombaji aweza kudaiwa taarifa ya athari zake kwa mazingira. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 ilianzisha Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, ambayo wengi huiita NEMA. Katiba ya mwaka 2010 ikasema wazi kwamba wananchi lazima washirikishwe katika kulinda mazingira, na kwamba mali ya mtu haichukuliwi bila fidia ya haki. Mwishowe Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ikaifuta ile ya 1940.

MILANGO MITATU YA LEO

Siku hizi atakaye kuchimba kwa biashara hupaswa kupita katika milango mitatu. Twaieleza kwa ufupi ili kila mwanachama ajue mahali pa kusimama.

Mlango wa kwanza ni wa madini yenyewe. Kwa Katiba, madini ni mali ya umma hata yakiwa chini ya shamba la mtu. Leseni hutolewa na Wizara inayosimamia madini. Lakini sheria ya 2016 yataka idhini ya mwenye ardhi iliyosajiliwa, au ya jamii kama ardhi ni ya jamii. Wazee wasidanganyike kwamba idhini hii ni ngome isiyovunjika. Mwenye ardhi akikataa bila sababu ya haki, Serikali yaweza kuanza njia ya kuitwaa ardhi hiyo kwa fidia. Hata hivyo, kuulizwa sasa ni lazima ya sheria, na majibu hupaswa kuwa katika maandishi. Sheria hiyo pia iligawa mrabaha wa madini, yaani ile ada inayolipwa kwa Serikali kutokana na kinachochimbwa: asilimia 70 kwa Serikali ya taifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Wachimbaji wadogo nao walitambuliwa, nao waweza kupewa vibali wakiwa raia waliojiunga katika ushirika.

Mlango wa pili ni wa mazingira. Uchimbaji wa mawe, mchanga, kokoto na dhahabu umo katika orodha ya kazi zinazohitaji kuchunguzwa athari zake kabla ya kuanza. Mwombaji huajiri wataalamu, nao huandika taarifa juu ya maji, vumbi, milipuko, barabara, na jinsi shimo litakavyofukiwa au kutengenezwa mwishoni. Kanuni za mwaka 2003 zilitaka mabango yabandikwe, matangazo yatolewe magazetini na redioni, na mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu ifanywe na watu watakaoguswa. Mwenye kutoridhika na leseni iliyotolewa aweza kukata rufani katika Baraza la Kitaifa la Mazingira, katika muda wa siku 60.

Mlango wa tatu ni wa mipango ya ardhi. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, abadilishaye matumizi ya ardhi hupaswa kuomba kibali kwa serikali ya kaunti. Kwa Nairobi maombi hayo huelekezwa kwa idara ya mipango ya jiji. Mwombaji hupaswa kuutangazia umma, na watu waweza kupeleka pingamizi. Kaunti ina siku 60 za kujibu, na ikinyamaza sheria huhesabu kwamba imekubali. Twaomba wanachama walikumbuke neno hilo la mwisho. Kukaa kimya kwa ofisi kwaweza kugeuka kuwa kibali, na pingamizi lililochelewa halimzuii mtu.

PALIPOBAKI UDHAIFU WETU

Kwa maelezo hayo mtu aweza kusema kwamba jambo la 1932 haliwezi kutokea tena. Kwa upande wa sheria, ni kweli kwamba hatua kubwa imepigwa. Lakini sheria inayotaka watu waulizwe haina faida ikiwa aulizwaye hajulikani, au hayupo, au amesaini asichokisoma. Katika mambo haya matatu lawama si ya Serikali peke yake.

La kwanza ni hati. Mashamba mengi ya wanachama wetu bado yameandikwa kwa jina la babu aliyekwisha kufariki. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yaonyesha njia ya kufuata, lakini jamaa nyingi huiogopa kwa gharama yake au kwa hofu ya ugomvi. Basi mchimbaji akija, mwenye ardhi kwa mujibu wa daftari ni marehemu, na aliye karibu kuliko wote ndiye atakayejifanya mwenyewe. Ndugu mmoja hupokea fedha, na wengine huja kuona shimo. Wajane na mabinti, ambao Katiba imewapa haki sawa, ndio huwa wa mwisho kupata habari. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na ardhi ni mali kuliko zote.

La pili ni umbali. Tangazo hubandikwa penye ofisi ya chifu nyumbani, au hutoka gazetini kwa Kiingereza, nasi tuko kazini Industrial Area au Westlands. Siku ya mkutano huhudhuriwa na vijana walioitwa asubuhi ile, wakaandika majina yao katika orodha. Baadaye orodha ile ile huambatishwa kuwa ushahidi kwamba watu walishauriwa. Kuhudhuria si kukubali, lakini jina lisilo na neno lolote pembeni yake laweza kusomwa na kila mtu apendavyo.

La tatu ni mapatano ya mawe. Mwenye kiwanja hufurahia fedha za timbo, akasahau kuuliza litachimbwa kwa kina gani, kwa miaka mingapi, umbali gani kutoka nyumba ya jirani, na nani atalifukia. Miaka ikipita mchimbaji huondoka, mvua hujaza shimo, na watoto huenda kuogelea humo. Jirani aliyepasukiwa na ukuta hamwoni wa kumdai. Mwenye shamba naye hawezi tena kulima wala kujenga, na fedha alizopokea zimekwisha. Yaliyoonekana Mathare na Dandora yaweza kuonekana katika robo eka ya mtu mmoja.

MASHAURI YETU

Kwa hiyo twawashauri wanachama mambo yafuatayo. Kila jamaa ianze shauri la urithi mapema, wakati wazee wanaojua mipaka wangali hai. Kila mmoja aitafute habari ya shamba lake katika ofisi ya ardhi, ajue limeandikwa kwa jina la nani. Kila tawi liwe na mtu nyumbani wa kutazama matangazo ya chifu na ya kaunti, naye apeleke habari Nairobi siku hiyo hiyo. Tangazo likipatikana, taarifa ya mazingira iombwe na kusomwa na mtu ajuaye, kisha maoni yaandikwe, yatiwe sahihi na tarehe, na nakala yake iliyopigwa muhuri ihifadhiwe. Katika mikutano, watu waseme wazi wanalolitaka na wasilolitaka, tena wadai liandikwe.

Hatusemi kwamba kila uchimbaji ukataliwe. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe, watoto wetu hutembea juu ya barabara za kokoto, na wapo wanachama ambao karo za watoto wao zatoka timboni. Nchi yahitaji madini yake. Twasema tu kwamba aombaye ruhusa apite milango yote mitatu mchana, na wenye ardhi na majirani wawe wamesimama pale wakijua haki zao na mipaka ya haki hizo.

Mwezi ule wa Desemba 1932 wazee wa Kavirondo ya Kaskazini hawakuwa na mlango hata mmoja wa kusimamia. Walipata habari baada ya jambo kwisha, na bado waliandika, wakatuma watu, wakaunda chama. Sisi tunao wakili, tunayo simu, na tunayo sheria inayotutaja. Kamati imeamua kufungua faili moja ambamo kila tangazo la uchimbaji litakaloletwa na mwanachama litawekwa, pamoja na barua zote zitakazoandikwa juu yake. Mwanachama aliye na karatasi ya namna hiyo nyumbani kwake anaombwa kumpelekea katibu nakala kabla ya mkutano mkuu ujao.